Mawazo, Msongo na Sonona: Maoni Juu ya Istilahi za Ushauri wa Nafsi kwa Njia ya Mtandao

Utangulizi

Miezi michache iliyopita tuliletewa kurasa za huduma moja ya ushauri wa nafsi itolewayo kwa njia ya mtandao, tuzipitie kabla hazijafunguliwa kwa watumiaji wa Kiswahili. Huduma yenyewe hatutaitaja jina, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Kurasa hizo zilifasiriwa kutoka Kiingereza, nazo zimegawanyika sehemu nne: msongo, wasiwasi, taabu za malezi, na kujithamini. Mtu huingia kwa simu yake ya mkononi, hujibu maswali, na kwa kadiri ya majibu yake hupangiwa mshauri ambaye huzungumza naye kwa maandishi, pengine bila ya wawili hao kuonana hata mara moja.

Kwa upande wa sarufi tafsiri ile haikuwa mbaya. Upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi, tahajia ilikuwa safi, na sentensi zilisomeka. Hata hivyo tuliirudisha. Tulipoyasoma maswali kwa sauti na kujiuliza mama wa Tandahimba au kijana wa Mombasa angejibu nini, tuliona kwamba watu wawili wenye maradhi mbalimbali wangepewa jina moja la ugonjwa, na mwingine angetukanwa pasipo aliyemtukana kujua. Makosa hayo si ya mfasiri yule peke yake. Mengi ameyaokota katika magazeti na vipeperushi vya afya, na mengine, hatuna budi kukiri, yametokana na uzembe wetu sisi tunaosanifu istilahi. Ndiyo sababu tunayajadili hapa mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao ndio watakaoyaeneza au kuyakomesha.

Neno likibaki peke yake

Katika zahanati neno halifanyi kazi peke yake. Mgonjwa akisema "sijisikii vizuri", mganga humtazama macho, huona mikono inavyotetemeka, husikia pumzi, kisha humwuliza tena kwa njia nyingine. Kama neno la kwanza lilipotea njia, la pili hulirudisha. Kwenye simu hayo yote hayapo. Neno likikosea, hakuna uso wa kulisahihisha.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza habari za programu aliyoiita ELIZA, iliyoiga mazungumzo ya mtabibu wa nafsi kwa kuyageuza maneno ya msemaji yawe maswali. Programu hiyo haikuelewa hata neno moja la yale iliyoandikiwa. Hata hivyo watu waliifungulia mioyo yao, na jambo hilo lilimshtua Weizenbaum mwenyewe. Tunajifunza kwamba mwenye dhiki huyaamini maneno anayowekewa mbele. Akiulizwa kwa neno lisilo lake, aghalabu hatasema kwamba swali ni baya. Atajibu kwamba hana tatizo alilo nalo, au kwamba ana tatizo asilo nalo.

Tena majibu hayo huhesabiwa. Hojaji iitwayo PHQ-9, iliyotolewa mwaka 2001 kwa ajili ya kupima sonona, ina maswali 9. Ile iitwayo GAD-7, ya mwaka 2006, hupima hofu iliyozidi, nayo ina maswali 7. Zote mbili huuliza habari za majuma mawili yaliyopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya alama ndiyo inayoonyesha uzito wa hali ya mtu. Basi mfasiri akikosea neno moja, amekosea hesabu ya kila mtu atakayeijibu hojaji ile.

Msongo si sonona

Neno "msongo" latokana na kitenzi "songa". Ugali husongwa, nywele husongwa, na watu husongana mlangoni. Wahandisi wa umeme nao wamelichukua, kwa hiyo twasoma habari za njia za umeme za msongo wa kilovolti 220 au 400. Maana ya msingi ni ile ile ya nguvu inayobana. Kuliteua neno hili kwa dhana ya stresi kulikuwa uteuzi mzuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa hata Kiingereza kililichukua neno lake kwa wahandisi. Hans Selye, daktari aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal, alitangaza mwaka 1936 katika jarida la Nature jinsi miili ya panya ilivyoitika kwa namna moja dhara za aina nyingi. Baadaye alilitumia neno la wahandisi kuitaja hali hiyo, na mwishoni mwa maisha yake alikiri kwamba kwa uchanga wa Kiingereza chake alichanganya nguvu inayobana na hali ya kitu kilichobanwa. Wafaransa hawakuhangaika, bali walilipokea neno lake kama lilivyo. Vijana wetu nao wamefanya hivyo wanaposema "stresi", wala hatuoni sababu ya kuwakemea.

Tatizo haliko katika "msongo" bali katika mkia wake, "wa mawazo". Mkia huo una kasoro mbili. Kwanza, waifungia hali hii kichwani, ilhali msongo hukaa mwilini pia: katika moyo uendao mbio, katika tumbo, katika shingo iliyokakamaa, katika usingizi uliopaa. Pili, na hili ndilo kubwa, "msongo wa mawazo" umetandaa hata kuifunika sonona. Katika kurasa tulizoletewa, kirai hicho kilitumika katika sehemu ya kwanza kwa maana ya stresi, na kurasa tatu mbele kikatumika kwa maana ya sonona. Msomaji hakupewa dalili yoyote kwamba mambo yamebadilika.

Je, tofauti hiyo ni ya wasomi tu? Hasha. Aliyesongwa na karo ya watoto, deni la dukani na kazi isiyokwisha aweza kufaidika akiambiwa apumzike na apunguze mizigo. Lakini mwenye sonona, ambaye tayari amelala siku tatu na hakitamani chakula wala mazungumzo, akiambiwa apumzike amerudishwa kitandani, mahali pale pale ugonjwa ulipomkamatia. Njia mojawapo inayotumiwa kumsaidia ni kumrejesha hatua kwa hatua katika shughuli zake. Shauri lile lile lamfaa mmoja na kumdhuru mwingine, na kilichowachanganya ni istilahi.

Neno "sonona" tunalo. Lina asili katika kitenzi chenye maana ya kuumia moyoni, na watu husema "amesononeka" pasipo kufundishwa na mtu. Limekwisha kuingia katika maandishi ya afya nchini Tanzania. Wako wanaodai kwamba mwananchi wa kawaida halijui kama jina la ugonjwa. Ni kweli, lakini hata "ukimwi" halikujulikana na mtu kabla ya miaka ya 1980, nalo lilienea kwa sababu lilitumiwa kwa maana moja tu, kila siku, na kila mtu.

Maneno ya mlangoni na maneno ya ndani

Hapa yafaa tujihadhari tusije tukavuka mpaka. Mtu anayeumia hatasema "nina sonona". Atasema "nina mawazo". Mawazo ya karo ni mawazo, mawazo ya mume ni mawazo, na mawazo yasiyo na sababu ni mawazo vile vile. Neno hili ni pana mno kuwa jina la ugonjwa, lakini ndilo ambalo mtu hubisha nalo hodi. Tukilifuta, tutakuwa tumefunga mlango.

Jirani zetu wa Zimbabwe wameonyesha namna ya kulitatua jambo hili. Kishona, ndugu wa Kiswahili katika lugha za Kibantu, kina neno "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda na wenzake, walioanza mwaka 2006 huko Harare mradi ujulikanao kama Benchi la Urafiki, walilifanya neno hilo kuwa mlango. Bibi wa mtaani aliyepewa mafunzo huketi benchini karibu na zahanati, na mwenye kufungisisa hukaribishwa akae naye. Lakini katika kupima hali yake hawakutumia neno hilo moja tu. Walitumia hojaji ya maswali 14 iliyotungwa kutokana na semi za Washona wenyewe. Jaribio lao katika zahanati 24, lililohusu watu 573, lilichapishwa mwaka 2016 na kuonyesha nafuu dhahiri baada ya miezi sita.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mfasiri wa fani hii atenganishe makundi mawili. Yako maneno ya mlangoni, ambayo ni ya mwenye taabu: mawazo, kuchoka moyo, moyo mzito, roho kunidunda. Yako na maneno ya ndani, ambayo ni ya mganga: msongo, sonona, na mengineyo. Tangazo na ukurasa wa kwanza na uandikwe kwa maneno ya mlangoni. Hojaji iulize kwa semi nyepesi za watu, lakini kila usemi uwe na jambo moja tu. Majina ya maradhi yatumike katika majibu na kumbukumbu za mshauri, na kila jina libaki na maana yake. Kosa la kurasa tulizozisoma ni kulichukua neno la mlangoni na kulivika joho la mganga.

Wasiwasi

Neno hili lina asili ya Kiarabu, nako maana yake ya kwanza ni mnong'ono, hasa ule wa Shetani uingiao kifuani mwa mtu. Kwa Kiswahili limepanuka likawa shaka, hofu, hata kutotulia kwa akili. Tuna na usemi usemao "wasiwasi ndiyo akili". Basi mtu akiulizwa kama amekuwa na wasiwasi majuma mawili haya, aweza kujibu ndiyo kwa fahari, maana amesifiwa busara, wala hatadhani kuwa anaulizwa habari za maradhi.

Kwa Waswahili walioko Omani na nchi za Ghuba kuna hatari nyingine. Madaktari watumiao Kiarabu hulitumia neno "waswasi", pamoja na sifa ya kushurutisha, kwa maradhi mengine kabisa: yale ya mtu kunawa mikono mara ishirini, au kurudi tena na tena kuuangalia mlango alioufunga. Hofu iliyozidi wao huiita kwa neno jingine, "qalaq". Mwenzetu wa Maskati asomaye Kiswahili nyumbani na Kiarabu hospitalini atapewa majina mawili yanayogongana.

Hatusemi neno "wasiwasi" lifukuzwe. Tunasema lisitembee peke yake. Kwa jina la hali yenyewe tunapendekeza "wasiwasi uliokithiri". Katika maswali na tuulize kwa viungo vya mwili na kwa matendo: je, moyo hukudunda pasipo sababu? Je, hushindwa kuacha kuhofia jambo hata unapotaka kuliacha? Lugha yetu si maskini hapa. Tunayo "fadhaa", "wahaka", na "jakamoyo", ambalo tumeliacha likae kamusini bila kazi.

Taabu za malezi

Kurasa zile zilimwuliza msomaji: "Je, umechoshwa na watoto wako?" Mama gani atajibu ndiyo? Swali hilo ni mashtaka. Uchovu umetupwa juu ya watoto badala ya kuwekwa juu ya kazi ya kuwalea. Wahenga walikwisha kutenga mambo hayo mawili waliposema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mtoto halaumiwi katika methali hiyo, bali kazi ndiyo inayotajwa kwa jina lake. Kwa hiyo "uchovu wa malezi" ni istilahi inayofaa, na swali lake liwe: "Je, kazi ya kulea imekuchosha hata ukaona huna nguvu tena?"

Kosa la pili ni kwamba sehemu nzima ilimhutubia "mzazi". Kwetu mlezi si lazima awe mzazi. Bibi anayelea wajukuu watatu, shangazi, mama mdogo, kaka mkubwa aliyeachiwa wadogo zake, wote hao wangeiruka sehemu hiyo wakidhani haiwahusu. Neno "mlezi" lingewaita wote kwa mara moja.

Yafaa pia ieleweke kwamba dhana hii ni changa hata huko ilikotoka. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, huutambua uchovu wa kupindukia kuwa ni jambo la kazini tu, wala hauruhusu jina hilo litumike kwa nyanja nyingine za maisha. Watafiti wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, ndio walioshughulika sana kuupima ule wa wazazi, na uchunguzi wao wa nchi 42, zikiwamo Burundi na Rwanda, ulichapishwa mwaka 2021. Ulionyesha kwamba hali hiyo huzidi katika nchi ambamo kila mtu hujitazama peke yake. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani ameambiwa tangu utotoni kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mfasiri asilete hapa istilahi ya kazini kana kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

Kujithamini

Hapa ndipo tulipokuta tusi. Mfasiri aliandika: "Je, unajiheshimu?" Yeye alikusudia kuuliza kama mtu hujiona ana thamani. Lakini kwa Kiswahili kumwambia binti "hujiheshimu" ni kumtuhumu mwenendo wake, mavazi yake na matembezi yake. Msichana aliyeingia kwa siri usiku kutafuta msaada, kwa kuwa kila siku huambiwa kuwa hafai, angekutana na maneno yale yale ya waliomfukuza kwao.

Kiini cha ugumu kiko katika sarufi yetu. Vitenzi vingi vyenye kiambishi "ji" vinavyohusu mtu kujipima vina harufu ya lawama: kujiona, kujisikia, kujidai, kujikweza, kujigamba, kujivuna. "Anajisikia" si sifa. Kwa kutenda ni vingine, kama kujitegemea na kujitolea, na hivyo husifiwa. Lugha yetu humsifu anayejitegemea na humshuku anayejipima juu. William James alipoandika habari za dhana hii mwaka 1890, na Morris Rosenberg alipotunga kipimo chake cha kauli 10 mwaka 1965, waliandikia watu ambao kujisifu kwa kiasi si aibu kubwa kwao. Mswahili mwenye adabu, akiulizwa kama yeye ni mtu mwenye sifa nyingi njema, atajibu hapana kwa ajili ya adabu tu, na alama zake zitaonyesha kuwa ni mgonjwa.

"Kujithamini" ndilo neno tunaloliunga mkono, kwa sababu halijachafuliwa. Lakini neno peke yake halitoshi, na maswali hayana budi kutungwa upya. Badala ya kumtaka mtu ajisifu, na aulizwe kama hujidharau, kama hujiona si kitu mbele ya wenzake, au kama husita kusema hata pale anapojua jibu.

Swali la tisa

Tumeliacha swali hili mwisho kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Swali la mwisho la PHQ-9 humwuliza mtu kama amewaza kuwa ni afadhali afe, au kama amewaza kujidhuru. Mfasiri wetu, kwa huruma yake, aliandika "mawazo ya kujiumiza". Katika Kiswahili mtu hujiumiza kwa kubeba gunia zito, au hujiumiza kwa kumpenda asiyempenda. Atakayejibu hapana kwa swali hilo hajaulizwa bado.

Twaelewa sababu ya woga. Jambo lenyewe ni mwiko, tena sheria ilitia hofu: nchini Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Lakini tafsida, ambayo ni pambo la adabu katika mazungumzo ya kawaida, hapa ni hatari. Tunapendekeza: "Je, umewaza kuwa ni heri ufe, au umewaza kujidhuru kwa makusudi?" Na mara baada ya swali hilo ifuate sentensi imwambiayo mtu nani atayasoma majibu yake, na ni nani wa karibu awezaye kumpigia simu usiku ule ule.

Mapendekezo

Kwa muhtasari tunaleta mbele ya wasomaji orodha hii ya kujadiliwa:

Msongo: hali ya mwili na nafsi ya mtu aliyebanwa na mambo. Mkia "wa mawazo" uachwe katika maandishi ya kitaalamu.

Sonona: ugonjwa wa huzuni au kukosa hamu unaodumu. Usiitwe msongo kamwe.

Wasiwasi uliokithiri: hofu isiyodhibitika, iliyozidi kiasi cha sababu yake.

Uchovu wa malezi: kuishiwa nguvu kwa ajili ya kazi ya kulea. Anayehutubiwa ni mlezi.

Kujithamini: kujiona kuwa mtu mwenye thamani. Kinyume chake ni kujidharau.

Unasihi wa mtandaoni: mazungumzo ya kumsaidia mtu kuitambua na kuikabili hali yake, yafanywayo kwa njia ya mtandao. Tumeliacha "ushauri nasaha" kwa sababu mbili. Kwa watu wengi limeshikamana na upimaji wa virusi vya ukimwi, na tena huahidi mashauri mara mbili, ilhali mnasihi mwema husikiliza zaidi ya anavyoshauri. Aliye upande wa pili aitwe "mnasihiwa". "Mteja" lina ubaridi wa dukani, na mitaani umbo lake "teja" limekuwa jina la mtumiaji wa madawa ya kulevya.

Orodha hii si amri. Tunawaomba wasomaji, hasa wauguzi, walimu na wale wafanyao kazi nje ya miji mikubwa, watuandikie maneno ambayo watu wa kwao huyatumia wanapoumia moyoni, pamoja na sentensi nzima ambamo neno lilisikika. Kurasa zile bado ziko mezani petu, na tumewaahidi wenyewe kuwa tutazirudia pamoja nao swali kwa swali. Maneno yatakayotufikia kabla ya toleo lijalo tutayatia katika kazi hiyo.